Injini Uliyoiacha Ikikohoa

Mpendwa Baba Kerubo,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, nilikuona ukishushwa kaburini nyuma ya migomba yetu, kwa hiyo hilo tuliruke. Yangu nitakueleza mbele. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu ya dukani, ile tuliyoitumia mbele ya wateja hata siku tulizokuwa tumenuniana. Kwa Ekegusii nisingefika ukurasa wa pili bila kulia. Tena nataka wengine waisome, hasa watu wa ziwani waliokusema vibaya. Kuna jambo moja nililopaswa kukuambia ukiwa hai, nalo linahusu injini ya Mama Atieno. Uliniuliza, nikakukwepa, na huu ni mwaka wa pili natembea nalo tumboni kama mtu aliyemeza kokwa la avokado.

Lakini wacha nianze na yaliyo matamu, machungu hayakimbii.

Unakumbuka Nyaramba? Nilikuwa nimetoka kwetu Manga kumtembelea shangazi, naye akanituma kwenye kinu cha kusaga nikiwa na debe la mahindi. Mahindi yangu yalikuwa yameshamiminwa, injini ikapiga chafya mara mbili, ikazima. Wanawake wote foleni nzima wakaanza kupiga kelele. Ukatokea nyuma ya mashine, mweusi kwa grisi mpaka masikioni, ukatutazama mmoja mmoja, kisha ukanichagua mimi. "Wewe dada, shika hii sahani." Sahani ilikuwa na dizeli, na ndani yake uliosha chujio kwa mswaki mkuukuu. Nilisimama pale nusu saa nikishika sahani kama mtu anayengoja baraka. Nilipofika nyumbani nikamwambia shangazi kwamba kijana wa kinu ana adabu. "Adabu gani," akasema, "na umeniletea unga unaonuka dizeli?" Tuliula hivyo hivyo.

Baadaye tukaoana, akazaliwa Kerubo, tukahamia Keroka tukapanga kibanda cha mabati nyuma ya soko. Mtu asiyetujua atauliza, Keroka na injini za boti wapi na wapi? Huku kwetu hakuna maji mengi kuliko yanayotoka juu. Lakini kila siku ya soko pikapu za samaki zilipanda kutoka Kendu Bay, zikashusha omena na ngege, zikarudi na ndizi zetu. Siku moja dereva alikukuta umefungua pampu ya kunyunyizia kahawa dawa, akasimama akikutazama mikono.

"Fundi, huko chini tuko na injini ndogo kama hiyo, ya boti. Inasumbua. Naweza leta?"

"Lete," ukamwambia. "Injini ni injini."

Wiki iliyofuata ililetwa ikiwa imelazwa juu ya magunia, inanuka samaki, na paka wote wa Keroka wakawa marafiki zetu. Hatukuwa na ziwa, basi tukatafuta pipa. Ulikata mdomo wake, tukalijaza maji, ukapigilia ubao pembeni na kuitundika injini hapo, mkia wake ndani ya maji. Ulipovuta kamba na injini ikashika, maji yaliruka yakamlowesha jirani yetu muuza mitumba pamoja na makoti yake yote. Alikutukana kwa lugha tatu. Ulikuwa unaomba radhi huku mabega yakitingishika kwa kicheko, na mimi ndiye niliyeyaanika yale makoti.

Ulinifundisha kazi bila kuniambia kwamba unanifundisha. Injini ikiletwa inatetemeka na kukatakata, hukuigusa kwanza. Ulimhoji mwenyewe: ilianza lini, inazima ikiwa baridi au ikishapata moto, petroli ilinunuliwa wapi na imekaa siku ngapi. Wateja walichoka na maswali, mimi pia nilichoka. Ukaniambia, "Spana ni ya mwisho, Mama Kerubo. Kwanza tujue tunatafuta nini." Kisha ulimimina petroli yao kwenye chupa ukaiweka juani tuitazame, na mara nyingi maji yalijitenga chini ya chupa, maana jerikeni zao zilifungwa kwa kipande cha nailoni. Nusu ya magonjwa yote yaliishia hapo kwenye chupa.

Baada ya hapo plagi. Uliichomoa, ukaipangusa kidole, ukanisogezea niitazame. Ikiwa na rangi ya kahawia, tunashukuru. Ikiwa nyeusi na imelowa, injini inakunywa petroli kuliko hewa. Ikiwa nyeupe, inakufa njaa ya petroli. Halafu chujio, halafu ule mchirizi wa maji ubavuni unaoonyesha kwamba injini inajipoza. "Kama haikojoi, izime hapo hapo," ulikuwa ukiwaambia wenye boti, na wanawake wa ndizi wakijifunika midomo kwa aibu. Kumbe mchanga wa ufukweni ndio ulioitafuna pampu ndogo ya mpira inayovuta maji hayo. Uliniachia mimi kuibadilisha kwa sababu vidole vyako vilikuwa vinene. Nilikuwa na raha kweli siku hizo, na sidhani niliwahi kukuambia.

Kazi moja tu hukuniachia, nayo ni kupima sauti. Kwenye kabureta kuna skrubu ndogo ya shaba. Ukiikaza, petroli inapungua, ukiilegeza, inaongezeka. Uliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, ukafumba macho, na mkono mwingine ukaizungusha ile skrubu kidogo kidogo. Ilibidi ufanye hivyo asubuhi, maana unavyojua mvua yetu ya alasiri ikianza kupiga mabati mtu hasikii hata akiitwa jina. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikikutazama umefumba macho. Hapo ndipo ulikuwa mzuri kuliko siku zote, grisi na yote.

Nami nilikuwa na kazi yangu ambayo hukuithamini. Nilisugua kila injini kwa mafuta ya taa na kitambaa mpaka ikang'aa kabla mwenyewe hajaja kuichukua. Ulinicheka. "Unaipaka mafuta kama mtoto anayepelekwa kanisani." Unanijua, Baba Kerubo, mimi ni mtu wa sifa. Nilitaka mteja akifika aone kwamba hapa pana mafundi, wala si watu wa kubahatisha. Niliandika kibao chetu kwa rangi nyekundu, nikakulazimisha kuvaa ovaroli safi siku za soko. Sifa hizo ndizo zilizonifikisha hapa.

Kwa muda mrefu kuna kitu kilitusumbua. Injini ikitoka kwetu inanguruma laini kama paka aliyeshiba, wiki mbili baadaye ilirudi. Dereva wa pikapu alituletea malalamiko yale yale: asubuhi haishiki, ikishika ukiiongeza kasi inakata pumzi na kuzima. Tunaiweka kwenye pipa, inaimba. Wewe ulidhani ni petroli yao. Mimi nilidhani ni mikono yao. Mpaka siku ile mvua ilipokuja mapema, ukashindwa kumalizia kupima, na mwenye injini akaondoka nayo ikiwa bado inakohoa na kutoa moshi. Niliona haya mpaka nikajificha nyuma ya mlango. Na mtu yule akatuma salamu kwamba tangu aanze kuvua hajapata kuwa na injini nzuri hivyo!

Ulikaa na jambo hilo siku nyingi. Ulikula nalo, ulilala nalo. Kisha siku moja, tukiwa tunakula ugali, obokima yetu, na mboga ya chinsaga, ukasema ghafla, "Kuanzia sasa za boti tutaziacha na kikohozi kidogo. Robo mzunguko wa skrubu. Zikifika ziwani zitapona."

"Kwa nini zipone?"

"Sijui kwa nini. Najua tu."

Nilikucheka. Nikakuuliza ni fundi gani duniani anayempa mteja injini inayokohoa, na kama unataka tufunge duka useme. Ulimega tonge lingine. Lakini ulishika neno lako, na malalamiko yakapungua, na mimi badala ya kulitazama hilo nilitazama nyuso za wateja zikikunjamana wanapoona moshi na kusikia kikohozi pale kwenye pipa. Kila mara nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa nifike kwa Mama Atieno. Ulimjua, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita boti, mwenye boti yake mwenyewe na wavuvi wake, na kijana wake wa kwanza akiwa ndiye anayeiendesha. Alileta injini yake siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi ukaisafisha, ukabadilisha plagi, ukapima sauti, ukailegeza skrubu ile robo yako. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa yetu unaijua: kabla jua halijazama lazima maji yawe yamechotwa, kuni zimepasuliwa, chakula cha Sabato kimeiva. Saa nane ukavua ovaroli. "Mimi natangulia nikapasue kuni," ukasema. "Wewe mpe injini yake, ufunge, uje." Ukaenda zako ukipiga mluzi.

Mama Atieno alifika saa tisa, na wachuuzi wenzake wa samaki wanne au watano, wote wanaelekea kwenye pikapu. Akataka kuisikia. Nikavuta kamba. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikatetemeka kwenye ubao. Wakacheka.

"Mama, hii ndiyo imetengenezwa?" mmoja akauliza. "Afadhali vile ilikuja!"

Mama Atieno hakucheka. Aliniangalia tu, akasema, "Nilisikia huyu fundi ni mzuri."

Bisibisi yako ilikuwa pale juu ya kigoda. Niliishika. Nikaikaza ile skrubu robo mzunguko, kama nilivyokuona ukifanya miaka yote, na injini ikanyamaza kukohoa, moshi ukakatika, ikaimba. Wakapiga makofi. "Kumbe mama ndiye fundi!" wakasema, na mimi nikajipangusa mikono kwenye kanga polepole, kwa madaha, kama mtu aliyezoea. Tulipofungua Sabato jioni hiyo niliimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida, ukanitazama ukatabasamu. Sikukuambia. Niliona ni jambo dogo.

Siku ya soko iliyofuata pikapu ilisimama mbele ya kibanda chetu hata kabla ya kushusha samaki. Mama Atieno akateremka, wanaume wawili wakamshushia injini chini, pale penye tope. Soko zima likageuka kutazama. Alisema kijana wake na wenzake wawili walitoka asubuhi vizuri, kwa mwendo wa polepole, maji yakiwa yametulia. Walipotaka kurudi upepo ulikuwa umeinuka. Injini ikishika, wakiiongeza kasi inakata pumzi inazima. Walivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Upepo ukawasukuma kwenye magugu maji, yale yaliyofunika ghuba, wakanaswa humo kutwa nzima juani, mbele hawaendi nyuma hawarudi, mpaka jioni boti nyingine ilipowaona.

"Fundi," alikuambia, na sauti yake haikuwa kubwa siku hiyo, "mimi sikuleta injini ya kuimba hapa Keroka. Nilileta ya kurudisha mtoto wangu nyumbani."

Ulipiga goti kwenye tope ukachomoa plagi. Ilikuwa nyeupe. Ukatazama skrubu, lakini haikukuonyesha kitu, maana vijana kule majini, katika kutafuta kupona, walikuwa wameizungusha pia. Walikuwa wamefungua na kufunga kila kilichofungika. Ukainama pale muda mrefu. Nami nilisimama hatua tatu kutoka kwako. Ulimi ulikuwa kinywani mwangu, mzima. Ningesema, "Ni mimi." Maneno mawili. Lakini wanawake wa ndizi walikuwa wanatazama, na muuza mitumba, na dereva, na mimi ndiye yule fundi aliyepigiwa makofi. Nikatazama chini.

"Nisamehe, mama," ukamwambia. "Nilidhani sikio langu linaniambia kweli."

Baada ya hapo ukawa mtu mwingine. Hukugombana, hukunywa, hukufanya lolote la kusimuliwa. Uliacha tu. Injini ya boti ikiletwa ulisema huna nafasi. Ulitengeneza vinu na pampu za kunyunyizia, vitu ambavyo kama vikizima mtu anarudi nyumbani kwa miguu. Bisibisi ndefu uliitundika ukutani. Kerubo alikuuliza siku moja mbona huzisikilizi injini tena, ukamwambia sikio limezeeka. Hata miaka arobaini na tano ulikuwa hujafikisha. Kila usiku nilijiambia kesho nitasema, na kila asubuhi kulikuwa na moto wa kuwasha na mtoto wa kupeleka shule, na jambo likazidi kuwa kubwa kadiri nilivyochelewa. Nilichoweza kukisema kwa pumzi moja mwanzoni, baada ya miezi mitatu kilihitaji kikao cha wazee.

Kisha ikaja mvua ndefu na malaria yake, ile iliyoingia milimani kwetu kila nyumba mwaka huo. Tulikupeleka hospitalini Kisii ukiwa unatetemeka mpaka kitanda kinalia. Siku ya pili homa ilishuka kidogo, ukafungua macho, ukanishika kidole. Nilidhani unataka maji.

"Mama Kerubo. Ile injini ya Mama Atieno. Niliiacha ikikohoa, sivyo?"

Nilikuwa nimeketi karibu nawe kuliko ninavyokaa na karatasi hii. Hukuniuliza kwa hasira. Ulitaka tu kujua kama ulikuwa na akili zako timamu. Na mimi, mke wako, nikavuta blanketi nikakufunika bega. "Lala," nikakuambia. "Usijichoshe na mambo ya injini." Nilijiambia akipona nitamweleza vizuri, tukiwa nyumbani. Ulinitazama kidogo, ukafumba macho. Kesho yake hukumjua mtu, na kesho kutwa ukaenda.

Mama Atieno alikuja kwenye matanga. Alipanda na wanawake sita wa ziwani, wakabeba samaki na sukari, akaketi nami kwenye mkeka siku nzima akinishika mkono. Hakusema neno lolote juu ya injini. Mkono wake ulinichoma kuliko kama angenitemea mate.

Nilipofungua kibanda tena, jambo la kwanza nilienda Kisii mjini, kwenye duka la spea la mzee Kantilal, pale ulipokuwa ukipiga domo naye huku ukijifanya unachagua plagi. Nilimweleza mambo ya kikohozi, kama swali la mtu mwingine. Alisikiliza, akafungua kabati, akatoa kitabu cha injini kilichochakaa, akanionyesha jedwali.

"Huku juu hewa ni nyepesi, mama," akasema. "Ukipanga petroli ifae hewa ya Keroka, ukishuka ziwani hewa ni nzito, petroli inakuwa kidogo. Injini ya huko haipangwi huku mpaka iimbe. Lazima uiache na petroli ya ziada." Kisha akauliza, "Mzee alijua hii?"

Nikamwambia alijua. Akatikisa kichwa. "Bila kitabu?" Nikasema bila kitabu. Nilitoka dukani kwake nikaketi kwenye ngazi za barabarani, mtu mzima, nikalia mbele ya watu wa mji mzima, na siku hiyo sikujali nani ananitazama.

Kwa hiyo nikashuka Kendu Bay na bisibisi yako. Ndiyo mara ya kwanza nilikanyaga ufukwe wa ziwa lililotulisha. Niliogopa maji yale, sitakuficha. Nilimwomba Mama Atieno tutoke kidogo na kijana wake, na yeye akapanda pia. Mbali kidogo na ufukwe nikaikaza ile skrubu kama nilivyoikaza Ijumaa ile. Kijana akaongeza kasi; ikakata pumzi, ikazima. Akaniangalia kwa woga, maana aliijua sauti hiyo. Nikailegeza robo mzunguko. Akavuta kamba, ikashika, akaongeza kasi, na boti ikainua pua ikaenda. Nikamwambia azime. Kukawa kimya, maji tu yakipiga ubao. Hapo nikawaambia wote wawili. Niliwaambia uliiacha sawa. Niliwaambia nani aliyeigusa, na kwa nini, na nani aliyebeba lawama.

Mama Atieno alimshika kijana wake bega. Kisha akauliza, "Na yeye, ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Aliuliza?"

"Aliuliza."

Alitazama maji. "Ya mtoto wangu, mimi nimekusamehe leo," akasema. "Hiyo ingine haiko kwangu."

Ndiyo maana nakuandikia.

Sasa hali yangu. Kerubo ni mzima, amenipita urefu, na anauliza maswali yako yale ya kumchosha mteja kabla ya kushika spana. Kazi ipo. Injini zinapanda kwa pikapu na kushuka kwa pikapu, na zote zinatoka zikikohoa. Wateja wapya wakicheka nawaambia huo ni utaratibu wa marehemu mume wangu, asiyeutaka na atafute fundi mwingine. Mama Atieno amelisimulia jambo hili ufukweni kote, kwa hiyo jina lako huko ni safi. Langu si safi sana, na ni sawa. Siku hizi sizing'arishi injini. Sina moyo huo tena.

Lakini nakukosa, Baba Kerubo. Nakukosa asubuhi zaidi, kabla ya mvua, saa ile ya kupima sauti. Nafumba macho kama wewe, naweka mpini sikioni, na badala ya kusikiliza injini najikuta nangoja unisogeze kwa kiwiko uniambie naikaza mno. Chai nachemsha ya watu watatu mpaka leo. Nikipita kwenye kinu chochote nageuka, ili mradi tu kuona nani anatoka nyuma ya mashine.

Na najua ungefanya nini kama ningesema Ijumaa ile ile, au siku ile ya soko, au hata pale kitandani. Ungekasirika sana. Ungesusa chai yangu. Ungekaa wiki nzima ukinisemesha kupitia mtoto, "Mwambie mama yako anipe chumvi," na mimi nimeketi hapo hapo. Ungeniambia maneno ambayo ningeyakumbuka mpaka uzeeni. Halafu ungepona, ungerudi kwenye pipa lako, ungejua sikio lako ni zima. Niliuogopa ugomvi huo nikakunyima, na pamoja nao nikakunyima kujua kwamba hukukosea.

Uliiacha ikikohoa. Ndiyo jibu. Mimi ndiye niliyeikaza.

Njoo unikasirikie.

Mkeo,
Mama Kerubo